Mwenza Si Mswada

Miongoni mwa filamu za mapenzi zenye kuchekesha zilizotoka Marekani, ipo moja ambayo wasomaji wa kurasa hizi za familia wanaweza kupata faida ndani yake, iwapo wataitazama kwa jicho la kuchagua. Jina lake ni Ruby Sparks, na ilitoka mwaka 2012. Hatuitaji leo kwa sababu tumegeuka wapiga debe wa sinema. Tunaitaja kwa sababu imetajwa katika barua iliyotufikia kutoka Same, na mwenye barua anasema kwamba aliitazama katika simu ya wifi yake, na pale ambapo wifi alicheka, yeye alilia.

Mwenye barua ni dada aliyeolewa miaka minne iliyopita. Jina lake na la mumewe tunayahifadhi. Alizaliwa juu milimani, upande wa Vudee, akateremka mjini kwa ndoa. Mumewe huuza vifaa vya simu mchana, na usiku huandika hadithi. Ni mmoja wa vijana wetu wengi ambao hawakumsubiri mchapishaji: huandika riwaya kipande kwa kipande, huzituma katika makundi ya WhatsApp, na msomaji anayetaka sehemu inayofuata hutuma kwanza fedha kidogo kwa simu. Fedha hizo, asema dada yetu, zimesaidia kuiezeka nyumba yao mabati. Kwa hiyo hana ugomvi na kalamu ya mumewe.

Ugomvi wake ni na mhusika mmoja. Katika hadithi inayoendelea sasa yumo mwanamke aitwaye Mama Senti, ambaye akirudi dukani huhesabu chenji mara mbili, hupima chumvi ya makande kwa kijiko cha chai, na akigombana na mumewe usiku hugombana kwa kunong'ona, ili jirani asisikie. Wasomaji wamempenda mno Mama Senti, na kila sehemu anayotokea hulipiwa haraka kuliko nyingine. Siku moja dada yetu alifika sokoni, muuza nyanya akamwita kwa jina hilo, na waliokuwapo wakaangua kicheko. Usiku ule aliomba asomewe hadithi yote. Alikuta humo maneno aliyoyasema chumbani kwake, yamewekwa kama alivyoyasema.

Alipolalamika, mume alimjibu kwamba hiyo ni hadithi tu, na kwamba afadhali afurahi, kwa kuwa katika sehemu zijazo Mama Senti atabadilika na kuwa mwanamke mkunjufu, mpole, asiyehesabu. Jibu hilo, asema, lilimuuma kuliko kicheko cha sokoni. Sasa anatuuliza: je, anayo haki ya kumkataza mumewe kuandika?

Kabla hatujajibu, tuieleze filamu yenyewe, maana dada huyu hakuitaja bure.

Mhusika mkuu ni Calvin, kijana aliyeandika riwaya iliyompa umaarufu mkubwa akiwa bado hajatimiza miaka ishirini. Sasa anakaribia thelathini, na riwaya ya pili haijazaliwa. Anaishi Los Angeles, peke yake na mbwa wake. Daktari wake wa nafsi anamwagiza aandike japo ukurasa mmoja. Calvin anakaa mbele ya taipureta na kumwandika msichana aliyemwona ndotoni, akampa jina la Ruby, akampa mji aliozaliwa, akampa hata kasoro ndogondogo za kupendeza. Asubuhi moja anamkuta Ruby jikoni kwake, mtu kamili mwenye uhai, asiyejua kwamba ameandikwa.

Hapo ndipo vichekesho vinapoanza. Kaka yake Calvin haamini. Ili kumthibitishia, Calvin anachapa sentensi moja tu kwamba Ruby anazungumza Kifaransa, na papo hapo Ruby anaanza kusema Kifaransa bila kujua kwamba amebadili lugha. Kaka anapigwa na butwaa, kisha anaanza kufikiria mambo mengine ambayo mwanamume mwenye uwezo kama huo angeweza kumwandikia mwanamke. Calvin anakataa. Anaufungia mswada ndani ya mtoto wa meza na kuapa kwamba hataongeza neno.

Lakini Ruby amekuwa mtu, na mtu hukua. Baada ya muda anataka kuwa na rafiki zake, anataka jioni nyingine awe mbali, anataka kuwa na hamu na mambo ambayo Calvin hayajui. Hakuna alilokosa. Amechoka tu kuishi ndani ya nyumba ambamo fikra zote ni za mtu mmoja. Calvin anaogopa. Anafungua mtoto wa meza na kuandika kwamba Ruby hana raha bila yeye. Kuanzia hapo Ruby hamwachii mkono, na wakitengana kidogo tu machozi yanamtoka. Calvin anachoka, anaandika kwamba Ruby ana furaha daima. Sasa Ruby anacheka kutwa, lakini kicheko kile hakikuletwa na chochote ambacho Calvin amekifanya, na kwa hiyo hakimshibishi. Anajaribu kumrudisha awe kama alivyokuwa, na hapo tabia ya Ruby inayumba, mara juu mara chini, kama mtu asiyejua tena ni yupi.

Katika karamu moja Calvin anakutana na mwanamke waliyewahi kuwa wapenzi zamani, kabla ya Ruby. Mwanamke huyo anamweleza ukweli ambao hakupata kuusikia: kwamba hakuwa na haja ya kumjua yeye, ila alikuwa na picha ya mwanamke kichwani mwake, na kila alipoikosa picha ile, Calvin alimwona yeye kuwa ndiye mwenye kosa.

Usiku huohuo wanagombana, na Ruby anataka kuondoka. Calvin anamfichulia siri. Anaketi kwenye taipureta na kumfanya kikaragosi mbele ya macho yetu: anamfanya aseme Kifaransa, aimbe, arukeruke, apige kelele za kumsifu kwamba yeye ni gwiji, hadi Ruby anaanguka sakafuni. Mtazamaji aliyekuwa akicheka tangu mwanzo ananyamaza. Sentensi ya Kifaransa iliyomchekesha mwanzoni na sentensi hizi za mwisho zimechapwa na vidole vilevile.

Tuwatahadharishe wasomaji: filamu hii haikutengenezwa kwa ajili ya kutazamwa na watoto. Imo lugha isiyofaa sebuleni, na yamo maisha ya wapenzi wasiofunga ndoa. Hata hivyo jambo moja linastahili kutajwa. Hadithi hii ya mwanamume anayemwandika mwanamke iliandikwa na mwanamke, Zoe Kazan, ambaye ndiye pia anayeigiza Ruby. Aliyeigiza Calvin ni Paul Dano, aliyekuwa mwenza wake hata nje ya filamu, na walioiongoza, Jonathan Dayton na Valerie Faris, ni mume na mke. Kwa hiyo Ruby, anayeandikwa ndani ya filamu, ndiye aliyeshika kalamu nje yake. Na dada yetu wa Same, kwa kutuandikia barua, amefanya jambo lililofanana na hilo.

Funzo tunalolichukua ni moja. Mtu anapompenda mwenzake kwa kweli, huacha kutaka kuwa mtunzi wake. Mume akiona mkewe ni mswada, kila siku ataona la kusahihisha: sauti ikate hapa, hasira ifutwe pale, ndugu zake wapunguzwe. Na tabu ya mswada ni kwamba haujibu. Mtu hujibu, na katika kujibu kwake ndimo yanamopatikana mapenzi yenyewe. Calvin alikuwa na uwezo wote juu ya Ruby, na uwezo huo ndio uliomnyima raha, maana kila neno jema aliloambiwa alilijua kuwa ni lake mwenyewe limemrudia.

Wala tusidhani kwamba hili ni la wanaume peke yao, au la watunzi peke yao. Wapo wake wanaowapima waume zao kwa wahusika wa tamthilia za Kituruki na Kifilipino, wakaona mume aliyerudi na mfuko wa unga bila ua la waridi hana mapenzi. Wapo wazazi wanaowaandikia watoto wao maisha yote, kuanzia masomo hadi mchumba. Lakini mume anayo nafasi ya kudhuru zaidi, kwa kuwa aghalabu neno lake ndilo linalosikilizwa nje ya nyumba, na mtunzi zaidi ya hapo, kwa kuwa neno lake linabaki.

Katika milima ya Upare tunayo sababu ya pekee ya kulielewa hili. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani na kukaa Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, mgogoro ambao mwanahistoria Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1971. Mgogoro ulipokuwa mrefu, wanawake wa Usangi nao walijitokeza mbele ya wakuu wa serikali ya kikoloni. Waliwataka waumalize ili waume zao warudi nyumbani, la sivyo wakuu hao wenyewe wabebe wajibu wa waume kwa wanawake wote walioachwa.  Wala hakuna mtunzi wa kiume wa zama zile ambaye angethubutu kuwaandikia mama zetu maneno kama hayo. Walikuwa nayo wenyewe. Kodi ile hatimaye iliachwa.

Basi anayemwoa binti wa milima hii, kama anavyofanya anayeoa popote, asidhani amepewa karatasi tupu.

Tukitaka mfano ulio bora zaidi, tunao. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alimwambia Bibi Aisha kuwa anajua wakati anapokuwa radhi naye na wakati anapokuwa amemkasirikia. Bibi Aisha alipouliza anajuaje, alimweleza kwamba akiwa radhi huapa kwa Mola wa Muhammad, na akiwa na hasira huapa kwa Mola wa Ibrahim. Bibi Aisha alikiri, na akamwambia kwamba hata hapo anachoacha ni jina lake tu. Tuitazame habari hii kwa makini. Mume anajua mke amekasirika, na hakumwamrisha asikasirike. Hakumwambia aape namna moja siku zote. Alimsikiliza siku nyingi hata akaijua tofauti ya neno moja katika kiapo chake. Huyo ni mume aliyemsoma mkewe. Nasi twasema kwamba katika ndoa kila mmoja amepewa kazi ya msomaji, wala hakuna aliyepewa ya mtunzi.

Sasa tumjibu dada yetu.

Hatukushauri umkataze mumeo kuandika. Kuandika ni kazi ya halali iwapo kinachoandikwa ni halali, na wewe mwenyewe umekiri kwamba imeleta mabati. Tena ukimkataza kabisa, nawe utakuwa umeshika taipureta: utakuwa unamwandika mume asiyeandika, na huyo siye uliyemwoa. Unayo haki, hata hivyo, ya kumkataza kuyaandika yako. Qur'ani imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake, na kazi ya kwanza ya vazi ni kusitiri. Mtume ameonya vikali juu ya mtu anayeyatoa nje yanayopita baina yake na mkewe. Maneno ya chumbani hayawi halali kwa kubadilishiwa jina la msemaji. Na jina la dhihaka nalo limekatazwa katika Surat Al-Hujurat, hata kama aliyelibuni analiita sanaa.

Mumeo naye, ambaye tunaamini atausoma ukurasa huu, tunamwomba asikie kwa utulivu. Bwana mdogo, hatukudharau kalamu yako. Lakini tazama watangulizi wako. Shaaban Robert alipotaka kumwandika mwanamke aliye hai katika nyoyo za watu, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alikuwa mwimbaji wa Zanzibar ambaye wapinzani wake walimkejeli kwa sura yake na asili yake ya shamba. Mtunzi hakukichukua kicheko chao akakiuza. Alimwandika kwa jina lake na kwa heshima yake, na kitabu kinasomwa hadi leo.

Nawe unaye nyumbani mwanamke anayehesabu chenji mara mbili. Watu wa nje hututania Wapare kwamba tuna mkono mgumu, na sisi huwacheka wanaotutania. Ila utani una mipaka yake: hufanywa na watani, mbele ya anayetaniwa, naye akiwa na nafasi ya kurudisha. Mkeo hakuwa na nafasi hiyo, maana hakuwamo katika kundi. Na kama utaifanya hesabu kwa haki, utaona kwamba fedha za hadithi zilinunua sehemu ya mabati, na sehemu iliyobaki ilinunuliwa na chenji zile ulizozifanyia mzaha. Mama Senti ndiye aliyekuezekea paa unaloandikia chini yake. Kumbadilisha awe mkunjufu asiyehesabu ni kumfuta mtu aliyekujengea.

Filamu tuliyoieleza ina mwisho mzuri ambao hatuuamini. Calvin anachapa ukurasa wa mwisho unaomwachia Ruby huru, na Ruby anaondoka. Muda unapita, Calvin anaandika kitabu juu ya yote yaliyotokea, kisha siku moja wanakutana bustanini. Ruby hakumbuki chochote. Wanaanza upya kama watu wasiojuana. Ni rehema kubwa kwa Calvin, na ni rehema ya sinema. Mke wa Same anakumbuka. Anakumbuka siku, anakumbuka muuza nyanya, anakumbuka ni nani aliyecheka kwanza. Kwa hiyo mume wa Same hana njia ya mkato. Lazima aombe radhi kwa mtu anayekumbuka, na kuomba radhi kwa mtu anayekumbuka ndiko kuomba radhi kwenyewe.

Tunapendekeza mambo haya. Kwanza, mume asimamishe hadithi hiyo, na awaeleze wasomaji wake katika kundi lilelile kwamba amechukua kisichokuwa chake. Asiwaeleze zaidi ya hapo, wala asiyataje tena ya nyumbani kwa kisingizio cha kuomba radhi. Aliyelipia sehemu ambazo hazitakuja arudishiwe fedha zake. Pili, akitaka kuendelea, mke asome kabla ya wengine, na anachokikataa kisitoke. Haya si kumpa mke cheo cha mhariri. Ni haki ya mwenye mali juu ya mali yake, na sauti ya mtu ni mali yake. Tatu, wawe na zamu ya kusema. Wazee wetu wa milimani walijenga ndiva, wakayakusanya maji ya mfereji usiku na kuyafungulia mchana kwa zamu, kila shamba na siku yake, wakijua kwamba anayeteka zamu zote atapata mavuno ya msimu mmoja na uadui wa miaka. Mume aliyesema kwa sehemu kumi na kadhaa mbele ya kundi zima amekwisha kutumia zamu zake. Sasa asikilize.

Wakishindwa wenyewe, Qur'ani imeelekeza mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke, wenye nia ya kusuluhisha. Wazee watakaoitwa tunawaomba jambo moja. Tunataniwa kwamba Mpare yu radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huo utauacha mlangoni atakayeingia katika kikao hicho. Kesi ya ndoa haina mshindi: akishinda mmoja, nyumba imeshindwa. Msimwambie binti kwamba hilo ni jambo dogo, hadithi tu, arudi akapike. Kama lingekuwa dogo lisingemtoa machozi mbele ya filamu ya kuchekesha.

Na kwa vijana ambao bado hawajaoa wala kuolewa, na wanaomwandika mwenza wao kichwani kila usiku kabla ya kulala, tunalo swali. Yule unayemtaka amewahi kukushangaza? Amewahi kusema jambo ambalo hukulitegemea, likakukera kwanza, kisha ukaona lina haki? Kama hajawahi, huenda hujamjua bado, na unayempenda ni maandishi yako mwenyewe. Surat An-Nisaa inatukumbusha kwamba mtu anaweza kuchukia kitu kwa mwenza wake, ilhali Mwenyezi Mungu ameweka kheri nyingi ndani ya kitu hichohicho. Huhesabu chenji mara mbili? Subiri uone atakachokijenga kwa chenji hizo.

Wallahu a'alam.